Bingwa wa Mapafu ni Fardhi Yetu Sote

MWANADAMU aweza kukaa siku nyingi bila ya chakula, na siku chache bila ya maji, lakini bila ya pumzi hakai zaidi ya dakika chache. Jambo hili hulijua hata mtoto anayepiga mbizi ufukweni. Lakini ukizitazama safari wanazozifanya wagonjwa wetu wa kifua, kutoka kituo hiki hadi kile, kutoka kisiwa hiki hadi kile, na mwisho kuvuka bahari hadi Dar es Salaam, utadhani kwamba pumzi nayo ni kitu kiwezacho kungoja boti ya kesho.

Leo tumekusudia kulizungumza waziwazi suala la namna mwananchi wa visiwa hivi anavyompata, au anavyomkosa, daktari bingwa wa maradhi ya mapafu na wagonjwa mahututi. Twalizungumza kwa sababu twaamini kwamba mzigo wa kumtafuta daktari huyo umetwishwa watu wasiostahiki kuubeba, nao ni wagonjwa wenyewe na jamaa zao, hali ya kuwa ni kazi ya jamii nzima na ya Serikali iliyokabidhiwa dhamana na jamii hiyo.

Kabla ya kulaumu, yatupasa kutoa haki. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ilitamka kwamba matibabu yatakuwa ni haki ya kila mtu, mkulima wa shamba na mkaazi wa mjini bila ya kubaguana. Hospitali kuu ya mjini Unguja, ambayo kwa miaka kadhaa iliitwa V. I. Lenin na ambayo leo yajulikana kwa jina la Mnazi Mmoja, iliacha kuwa mahali pa wenye nafasi na ikawa ni mahali pa umma. Kisiwani Pemba, Hospitali ya Abdulla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Na katika miaka iliyofuata janga la corona tumeshuhudia hospitali mpya zikiinuliwa wilayani, pamoja na Hospitali ya Mkoa ya Lumumba. Asiyeziona juhudi hizi ni yule tu asiyetaka kuziona.

Hata hivyo, jengo halisikilizi kifua, wala mashine haimjui mgonjwa. Ndani ya kuta hizo mpya ni lazima awepo mtu atakayetambua kwa nini pumzi ya mgonjwa inafupika, atakayejua la kufanya katika saa ya kwanza, na atakayewafundisha wenzake kulifanya hilo wakati yeye amelala. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 katika visiwa hivi. Kwa umati huo, mabingwa wa mapafu na wagonjwa mahututi tulionao ni wachache mno, na hata huko Tanzania Bara mabingwa hao hukusanyika zaidi katika hospitali chache za miji mikubwa.

Tunamjua mvuvi mmoja wa Pemba, mtu wa makamo, ambaye alianza kwa kikohozi na homa za jioni. Alikonda, kisha pumzi ikaanza kumwelemea kila anapopanda kutoka pwani kwenda nyumbani. Mahali pa kwanza aliambiwa ni baridi ya bahari. Mahali pa pili alipewa vidonge vya kikohozi. Mahali pa tatu alielezwa kwamba ana pumu. Hakuna aliyeandika barua ya kumpeleka mbele, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa yakini ampeleke kwa nani. Ndipo watoto wake wakaanza kuuliza barazani, msikitini na bandarini: ni nani daktari wa mapafu, na yuko wapi? Mmoja akawatajia daktari aliyekwisha kuhamia nchi za Ghuba. Mwengine akawatajia bingwa wa mifupa. Wa tatu akawaelekeza kwenye hospitali ya kulipia ng'ambo ya bahari. Wakauza mashua na nyavu, wakavuka.

Baada ya siku kumi na moja za kuhangaika mjini, walimfikia bingwa. Alimgonga mgonjwa mgongoni kwa vidole, akaitazama picha, akavuta maji yaliyojaa pembeni mwa pafu, na akawaambia kwamba yale ni maradhi ya kifua kikuu, na kwamba dawa zake hutolewa bila ya malipo katika kituo cha afya kilicho karibu na kwao. Mvuvi yule alitumia dawa kwa muda wa miezi sita, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu alipona. Lakini mashua haikurudi, na leo huvua katika chombo cha mtu mwengine.

Huyo alikuwa na siku kumi na moja za kungoja. Wako wasiokuwa nazo. Tuliwahi kusimama kwenye mazishi ya mama mmoja kijana aliyeshikwa na pumu usiku wa manane. Alifikishwa hospitali akiwa bado aweza kusema, ingawa neno moja moja. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo. Kilichokosekana ni ufunguo wa kuufungulia, na mtu wa zamu aliyejua ulipowekwa. Alfajiri ilipoadhiniwa, yeye alikwisha ondoka duniani. Hatuitaji hospitali hiyo, kwa sababu hatukuandika haya ili kumwaibisha mtu. Twaandika kwa kuwa ufunguo ule ungeweza kukosekana popote pale ambapo hapana mtu mwenye dhamana ya pumzi za watu.

Yafaa basi tueleze ni daktari wa namna gani tunayemzungumzia. Bingwa wa mapafu ni daktari wa maradhi ya ndani ambaye, baada ya kuhitimu na kufanya kazi, amerudi darasani kujifunza kwa undani maradhi ya njia za hewa: pumu, kifua kikuu na makovu yake, nimonia, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa unaowapata wavutaji sigara na wanaovuta moshi wa kuni, saratani ya mapafu, na damu inayoganda miguuni kisha ikapanda hadi kifuani. Bingwa wa wagonjwa mahututi ni yule anayemsimamia mtu ambaye viungo vyake vya uhai vimeanza kushindwa, akamshikia pumzi, damu na figo mpaka mwili urejee kujishika wenyewe. Katika baadhi ya nchi fani hizi mbili husomwa na mtu mmoja, kwa sababu kiungo kinachomfikisha mgonjwa kwenye hali ya mahututi mara nyingi ni pafu.

Wako watakaosema kwamba hizi ni anasa za nchi tajiri. Hatukubaliani nao hata kidogo. Watazame akina mama wetu wanaopikia kuni na mkaa katika majiko yasiyo na dirisha tangu usichana hadi uzee. Watazame wachomaji chokaa wanaokaa karibu na moto na vumbi, na wapasua kokoto wanaomeza unga wa mawe tangu asubuhi hadi magharibi. Watazame watoto wachanga ambao nimonia huwachukua kabla ya kutambaa. Maradhi ya mapafu katika visiwa hivi hayakuletwa na utajiri, na wanaoumia zaidi ni wafanyakazi na wakulima, ambao kwa ajili yao ndiyo Mapinduzi yalifanywa.

Tena sisi ni watu wa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit ikitokea Dar es Salaam. Hatuhitaji kuwakumbusha wasomaji msiba ule, kwani hapana mtaa wala kijiji ambacho hakikutandika jamvi. Lakini tukumbuke jambo moja: mtu anayetolewa baharini akiwa hai, maji yakiwa yameingia mapafuni, aweza kufa saa kadhaa baadaye akiwa tayari nchi kavu, ikiwa hapana oksijeni wala mwenye kuangalia pumzi yake. Kisiwa kinachosafiri kwa meli ni lazima kiwe na daktari wa pumzi kama vile bandari ilivyo lazima iwe na taa.

Kisha likaja janga la corona. Tarehe 17 Februari 2021 Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, aliaga dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa maradhi hayo. Si hoja hapa nani alikuwa wa chama gani. Mauti hayaulizi kadi. Tunachokusudia kusema ni kwamba, ikiwa hata kiongozi wa cheo hicho aliuguzwa ng'ambo ya bahari, basi mkulima wa Micheweni na mvuvi wa Makunduchi wanayo haki ya kuuliza: je, sisi tutavushwa na nani?

Ili kulijibu swali hilo, si vibaya kutazama fani hii ilianza vipi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, huko Denmark, ulivamiwa na maradhi ya kupooza. Wagonjwa walipooza misuli ya kupumulia, na mashine zilizokuwepo zilikuwa chache mno. Daktari mmoja wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipendekeza mgonjwa atobolewe koo, atiwe mrija, kisha apuliziwe hewa kwa mfuko wa mpira unaokamuliwa kwa mkono. Tarehe 27 Agosti alilithibitisha jambo hilo kwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Kwa miezi iliyofuata wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walikaa vitandani kwa zamu, usiku na mchana, wakikamua mifuko hiyo. Vifo, ambavyo hapo mwanzo viliwachukua zaidi ya wagonjwa 80 katika kila 100 wa aina hiyo, vilishuka hadi chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha chumba maalumu cha wagonjwa mahututi, na ulimwengu ukamwiga.

Tunaomba viongozi wetu waizingatie sana habari hii. Kilichookoa watu Copenhagen hakikuwa mashine, bali mtu mmoja mwenye ujuzi, na watu wengi waliofundishwa kazi moja ndogo wakaifanya kwa nidhamu. Hapa kwetu mara nyingi tumeanza kinyumenyume: tumenunua mashine, tumekata utepe, tumepiga picha, kisha tumeuliza ni nani atakayeiendesha.

Ushahidi wa bara letu wenyewe waonyesha jambo hilo hilo. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukiwahusu wagonjwa karibu 20,000. Ilionekana kwamba mgonjwa mmoja katika kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi. Zaidi ya theluthi mbili ya hao walikuwa wamelala katika wodi za kawaida, si katika vyumba maalumu, na mmoja katika kila watano alifariki ndani ya siku saba. Zaidi ya nusu yao hawakupata hata huduma zile za msingi, kama oksijeni kwa aliyeishiwa pumzi au maji ya mshipani kwa aliyeishiwa nguvu za damu. Maana yake ni kwamba bingwa tunayemtaka si wa kukaa katika chumba kimoja chenye baridi ya mashine na kungoja wagonjwa sita. Twamtaka atoke, azunguke wodi zote, awe mwalimu wa wauguzi na madaktari wa wilaya, na ahakikishe kwamba ufunguo wa mtungi unaonekana saa tisa ya usiku.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Wale tuliokaa juu ya mkeka chuoni kabla ya kukalia dawati la skuli tulifunzwa kwamba fardhi ni za namna mbili. Iko fardhi ain, ambayo kila mtu hulazimika kuitekeleza kwa nafsi yake. Na iko fardhi kifaya, ambayo huulazimu mji mzima: wakiitekeleza baadhi, wengine wamesamehewa, na asipoitekeleza yeyote, mji mzima umebeba dhambi. Sote twaijua kwa mfano wa kumzika maiti. Lakini Imamu Ghazali, katika kuzipanga elimu, aliuweka udaktari katika fungu hilo hilo, na aliwasikitikia watu wa zama zake waliokimbilia elimu zenye jaha na kuiacha miji yao bila ya tabibu. Ikiwa sheria yatulazimisha sote tumsitiri maiti, vipi isitulazimishe kumshikia pumzi aliye hai?

Kwa mtazamo huo, wale watoto wa mvuvi waliozunguka bandarini wakiuliza jina la daktari walikuwa wamebeba peke yao fardhi ya visiwa vizima. Hilo ndilo kosa tunalotaka lirekebishwe.

Kumpata bingwa ni kazi ya miaka. Kijana anayemaliza skuli leo atasoma udaktari kwa miaka mitano, atafanya mazoezi hospitalini mwaka mmoja, atasoma umahiri wa maradhi ya ndani miaka mitatu, na baada ya hapo ataongeza miaka mingine ya ubingwa wa mapafu. Kwa ufupi ni zaidi ya muongo mmoja, bila ya kuhesabu muda wa kungoja nafasi na fedha. Lakini hatuanzii sifuri. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar chafundisha madaktari hapa hapa nyumbani, na wako vijana wetu ambao wamekwisha kupata umahiri. Akichaguliwa leo kijana wa namna hiyo, mwenye moyo na asiyekimbia zamu za usiku, akapelekwa kusoma kwa mkataba unaoeleweka, atarudi kabla ya muhula wa uongozi uliopo haujasahauliwa.

Wala tusidhani kwamba hili haliwezekani kwa nchi ya wakulima. Ethiopia, yenye watu wengi kuliko nchi nyingi za bara letu, ilikuwa na upungufu mkubwa mno wa mabingwa wa mapafu. Mwaka 2013 yalianzishwa mafunzo ya miaka miwili ya maradhi ya mapafu na wagonjwa mahututi katika Hospitali ya Tikur Anbessa mjini Addis Ababa. Walimu kutoka nje walikuja kwa kupokezana, wanafunzi walisomea kwenye vitanda vya wagonjwa wao wenyewe, na waliohitimu ndio waliogeuka kuwa walimu wa waliofuata. Hawakusubiri wapate hospitali kamilifu ndipo wafundishe. Kufundisha ndiko kulikoitengeneza hospitali.

Na sisi Watanzania tunayo historia yetu ya kujivunia katika maradhi ya kifua. Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, akiwemo mshauri wake Karel Styblo, uliuonyesha ulimwengu kwamba nchi isiyo tajiri yaweza kuwatafuta wagonjwa kwa hadubini, kuwasimamia wameze dawa zao hadi mwisho, na kuweka daftari la kila mmoja. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza mwendo huo kwa mataifa mengine. Ikiwa tuliweza kuwa walimu wa dunia katika jambo hilo, tutashindwaje kuweka daftari la mabingwa na njia ya kuwafikia katika visiwa viwili?

Marafiki zetu wametusaidia, na fadhila zao hatutazisahau. Tangu mwaka 1964 madaktari wa China wamekuwa wakija hapa kikosi baada ya kikosi, na Cuba nayo imetusaidia kusomesha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nao walisema kweli. Lakini mgeni ana kwao, na muda wake ukiisha huondoka na ujuzi wake. Kila kikosi kinachokuja kingepewa kijana wetu wa kukaa naye bega kwa bega, ili siku ya kuagana asiondoke mgeni akabaki mwenyeji na ugonjwa wake. Kwa muda wa zaidi ya miaka 60 tumepokea. Lazima tujiulize tumejifunza kwa kiasi gani.

Aidha, haitoshi kumsomesha bingwa ikiwa baadaye tutamfukuza kwa vitendo. Twasema kumfukuza, maana ndivyo ilivyo. Daktari anayerudi na shahada yake akakuta hana kipimo cha kupimia nguvu za mapafu, hana wauguzi waliofunzwa, hana nyumba karibu na hospitali, na barua zake za kuomba vifaa zinalala mezani pa ofisa miezi kadhaa, huyo hata akiipenda nchi yake kiasi gani, siku moja ataitikia wito wa Ghuba. Tunapenda kuwalaumu vijana kwa kukosa uzalendo. Ni haki kuwalaumu baadhi yao. Lakini Chama kilitufundisha kujikosoa, na katika kujikosoa ni lazima tukiri kwamba ofisi zetu nazo zimechangia kuwapakia mizigo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. La kwanza, Wizara ya Afya iweke wazi orodha ya madaktari bingwa waliosajiliwa, fani zao, na siku wanazoonana na wagonjwa, na ibandikwe katika kila hospitali, kila kituo cha afya na kila ofisi ya sheha, ili mwananchi asiokote majina bandarini. La pili, iwekwe kliniki ya mapafu kisiwani Pemba kwa siku inayojulikana, hata kama bingwa atalazimika kusafiri kutoka Unguja. Ni haki zaidi daktari mmoja mzima avuke bahari kuliko wagonjwa arubaini wasioweza kupumua. La tatu, kila hospitali ya wilaya iwe na muuguzi mwenye dhamana ya oksijeni katika kila zamu, na njia ya simu ya kumpata bingwa saa yoyote. La nne, sehemu ya fedha ambazo Serikali huzitumia kuwapeleka wagonjwa Tanzania Bara na India zitengwe kwa ajili ya kuwasomesha mabingwa na wauguzi wa wagonjwa mahututi. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha maazimio juu ya huduma za dharura na mahututi, na juu ya upatikanaji wa oksijeni. Maazimio hayo yasibaki kuwa karatasi za Geneva.

Nao wananchi wana sehemu yao, kwani fardhi ya mji haiondoi wajibu wa mtu. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asingoje. Aende akapimwe kifua kikuu, wala asione haya, maana ni maradhi kama maradhi mengine na yanatibika. Mwenye pumu asiambiwe na majirani kwamba dawa ya kuvuta mdomoni itamzoesha vibaya. Maneno hayo yamekwisha kuua watu. Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ambaye midomo yake imegeuka rangi, au mtoto ambaye mbavu zake zinabonyea ndani kila akivuta hewa, hao ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama mganga wa mtaani ameahidi kuja asubuhi. Mwenye kupewa picha ya kifua na majibu ya vipimo aviweke kama anavyoweka hati ya shamba lake, na aende navyo kila aendako. Na kabla ya kuuza mashua au ng'ombe, jamaa wamwombe daktari wao barua ya rufaa inayosema waziwazi anahitaji bingwa wa nini, na wahakikishe kwamba huyo wanayempelekea fedha zao amesajiliwa kweli katika fani hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe tumeuona, na kila mmoja wetu ana jamaa aliyepita ndani yake. Majengo tumeyapata, na hatuna budi kuyashukuru. Linalobaki ni kuwapata watu, nako kunahitaji subira, mpango na fedha zinazotolewa kwa wakati, wala hakuna utepe wa kukatwa mwisho wake.

Baraza la Wawakilishi litakapokaa tena kuijadili bajeti ya afya, tungependa kusikia mjumbe mmoja akisimama kuuliza: ni vijana wangapi wamekwenda kusomea mapafu na wagonjwa mahututi mwaka huu, watarudi lini, na watakuta nini? Swali hilo si la upinzani wala la kujionyesha. Ni swali la yule mvuvi asiye na mashua, na la watoto wa yule mama ambaye hakuiona alfajiri.